Bi Spana na kitanda kilichofunga mlango

Nusu ya Bi Spana iko chini ya kitanda. Nusu iliyobaki, yaani miguu miwili yenye soksi zisizofanana, moja ya kijani na moja iliyokuwa nyeupe enzi zake, ndiyo inayopokea wageni.

"Karibu, ila usikanyage nati," sauti inasema kutoka sakafuni. "Ukinipotezea moja, mtoto wa watu atalalia kitanda cha miguu mitatu."

Ni asubuhi, katika chumba cha ndani cha nyumba ya vyumba viwili. Kuta zimepakwa rangi ya maziwa juzi tu, na rangi hiyo imemfuata kila aliyeziegemea. Dirisha moja lenye nondo linatazama uani. Sakafuni kuna mbao, mifuko ya bolti, magodoro matatu yaliyoviringishwa, na mwanamke wa miaka hamsini na mbili ambaye jina lake la kuzaliwa hata majirani hulitafuta kichwani kwanza kabla ya kulitaja. Bi Spana wanamjua wote.

Ameajiriwa na shirika la misaada linalosaidia familia zinazolea watoto ambao hazikuwazaa: bibi aliyeachiwa wajukuu, shangazi aliyepigiwa simu akaambiwa njoo uwachukue, walezi wa kambo, na wale waliokwenda mahakamani wakaasili, mtoto akawa wao kisheria. Wenzake hutoa ushauri, hushughulikia sare na karo, huwasindikiza walezi kwenye maofisi. Bi Spana hupeleka vitanda na kuvifunga.

"Watu wakipokea mtoto wanasema, huyu atalala popote," anasema. Sasa ametoka chini ya kitanda na utando wa buibui umemkaa kichwani kama kilemba. "Mimi nimelala popote miaka saba. Huko popote kuna miguu ya watu."

Anajua anachosema. Wazazi wake walifariki wakifuatana, akachukuliwa na mama yake mkubwa, na katika nyumba ile kitanda kimoja kilikuwa na binamu wanne. Yeye akapangwa upande wa miguuni. Mama mkubwa alimpenda, hilo analisisitiza, na hakuwahi kumbagua hata kwa kipande cha mkate. Ila mpaka leo anaweza kuwatambua binamu zake wote gizani kwa nyayo. Mmoja wao siku hizi ni mtu mzito, mwenye dereva na suti za kushonesha, na kila anapomwona kwenye shughuli za ukoo akipeana mikono na wakubwa, Bi Spana hukumbuka kisigino chake.

Shirika lenyewe alilifahamu kwa ugomvi. Miaka tisa iliyopita ndugu yake mmoja alifariki akaacha binti wa miaka mitatu. Bi Spana wakati huo alikuwa mfagizi wa shule, hana mume, hana mtoto. Akasema mleteni. Shirika likasikia, likampelekea kitanda kizuri cha mtoto chenye kila kitu isipokuwa bolti. Akakifunga kamba, akakibeba kichwani, akakimwaga mapokezi mbele ya wafadhili waliokuwa wanakunywa chai, na akawaeleza kwamba kitanda kisicho na bolti ni kuni.

Mkurugenzi, kwa aibu au kwa hofu, akamuuliza kama anaweza kufunga vitanda. Alikuwa hajawahi kufunga hata kabati. Akasema anaweza.

"Nilikwenda kulalamika, nikarudi na kazi," anasema.

Tangu hapo amefunga vitanda zaidi ya mia nne. Mshahara wake, anavyoueleza mwenyewe, hufika mwisho wa mwezi ukichechemea, lakini hufika. Yule binti sasa ana miaka kumi na miwili, na humwita mama siku zote isipokuwa akipandisha kiburi. Hapo humwita Spana, kama watu baki.

Bi Spana ana kanuni mbili za kazi. Ya kwanza ni kupima. Hupima chumba siku kadhaa kabla ya kuleta mbao, na hukataa kuzungumza na mtu yeyote mpaka amalize. Ya pili aliipata kwa mtoto mmoja aliyekataa katakata kulala kwenye kitanda kipya, wiki nzima analala sakafuni, akisema kile ni cha wenyewe. Bi Spana akarudi, akalegeza bolti moja, akamkabidhi spana. Mtoto akakaza, jasho likamtoka, akapanda kitandani na viatu vyake, akalala hadi kesho yake. Tangu siku hiyo bolti ya mwisho haikazi yeye. Huiingiza kwa vidole tu, kwenye mguu ulio karibu na mlango, na kumwachia atakayelala.

Leo bolti hizo ni tatu, kwa kuwa watoto ni watatu.

Mwenye nyumba ni kinyozi wa miaka thelathini na nne, hajaoa, na mtaa mzima humwita Mjomba. Miezi minne iliyopita dada yake alifariki. Aliacha binti wa miaka kumi anayeitwa Dada Mkubwa, mvulana wa miaka minane waliyempa jina la Wakili kwa kuwa haachi swali likapita, na binti wa miaka minne, Kitinda. Kwa sasa wanakaa kwenye kituo cha watoto. Mjomba anawataka wote. Ustawi wa jamii nao una masharti yake.

Afisa wa ustawi alikuja mara ya kwanza akakuta nyumba ina godoro moja, na mwenye godoro amelala kwenye kiti cha kunyolea wateja kwa sababu godoro limelowa. Akampa muda. Alitaka vitanda vitatu, chumba cha watoto peke yao, na mlango unaofungika sawasawa. Asipotimiza mpaka leo, Kitinda angepelekwa kwa walezi wa kambo katika mji mwingine, watu ambao wamekwisha kukubaliwa na wanamsubiri.

"Tena ni watu wazuri," Mjomba anasema huku akipitisha mbao. "Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Wangekuwa wabaya ningekuwa na la kusema."

Amejitahidi, huwezi kumnyima haki yake. Amepaka rangi. Amepika uji mara nyingi hadi ukaacha kuwa na mabonge. Na kwa kuwa yeye kazi yake ni kupunguza nywele za watu, amejifunza kusuka. Mazoezi ameyafanyia kwenye dekio la nyumba, ambalo limesimama pale kona ya sebule likiwa na mistari sita iliyonyooka na kibanio cha waridi. Tangu lisukwe halijapigiwa deki, maana Mjomba anaogopa kuliharibu.

Kazi inakwenda vizuri. Dereva wa shirika, mtu mnene na mcheshi ambaye mgongo wake huanza kuuma kila gari linapohitaji kushushwa mizigo, amebaki nje kuilinda pikapu isiibwe na yeyote mwenye mgongo mzima. Ndani wako watu watatu: Bi Spana, Mjomba, na mwandishi wa makala haya, aliyeombwa ashike ubao mara moja tu na ambaye bado ameushika.

Chumba ni chembamba, kwa hiyo kitanda ni kimoja cha ghorofa tatu, na nafasi yake ni ukuta wa kushoto. Kuna kizuizi kimoja. Mlango ukiwa wazi hulala kwenye ukuta huohuo.

"Fungeni huo mlango," Bi Spana anaagiza. "Unanilia ukuta."

Mlango unafungwa. Ukuta unapatikana, mbao zinapandana, bolti zinaingia moja baada ya nyingine, na baada ya muda kitanda kimesimama imara, kimegusa pembe zote mbili kana kwamba chumba kilijengwa kukizunguka. Bi Spana anaingiza zile bolti tatu za mwisho kwa vidole, anarudi nyuma hatua moja, kwa kuwa ya pili haipo, na anatabasamu. Mjomba anapitisha mkono kwenye ubao wa chini kabisa, wa Kitinda, kisha anasema anakwenda kuwaletea chai.

Anavuta mlango. Unafunguka upana wa kiganja cha mtoto, unagonga kitanda, unasimama.

Anavuta tena.

"Vuta ukiwa unainua," Bi Spana anamshauri.

"Bi Spana, huu ni mlango. Nikiinua unakwenda wapi?"

Bi Spana anautazama mlango. Anakitazama kitanda. Anatoa futi yake ya utepe mfukoni, anaifungua, anaifunga bila kupima kitu. Kisha anauliza kwa sauti ya chini, sauti ambayo wanaomjua wanasema hawajawahi kuisikia, kwamba siku ile alipokuja kupima, mlango huu ulikuwa wapi.

Mjomba anaeleza kwamba ulikuwa kwa seremala. Afisa alitaka mlango unaofungika, huu ulikuwa umevimba, basi akaung'oa ukarandwe na kupigwa rangi. Ameurudisha leo alfajiri, kwa mikono yake mwenyewe. Alitaka kumshangaza mtu.

"Umenishangaza," Bi Spana anakiri.

Kwa hiyo alipima chumba kisicho na mlango, na kitanda kimetoshea vizuri sana katika chumba kisicho na mlango. Kukifumua upya haiwezekani kirahisi, kwani bolti nyingine zote vichwa vyake vimeelekea ukutani. Zinazoweza kufunguka ni zile tatu tu za watoto, kwenye mguu ulio mlangoni, na mguu huo umesimama nusu nyuma ya mlango na nusu nyuma ya fremu. Bi Spana anajaribu kupenyeza mkono. Vidole vinaingia, spana haiingii. Anajaribu tena, akiiambia spana maneno ambayo gazeti hili halichapishi.

Wanamwita dereva kwa kupiga kelele dirishani. Anakuja, anapita sebuleni, anausukuma mlango mara moja kwa bega, anakumbuka mgongo wake. Anaamua kutumia akili. Anapenyeza mkono kwenye ule ufa, mkono unaingia hadi kwenye saa, na saa inakataa kutoka. Kwa dakika kadhaa waliofungiwa ndani wanalazimika kumwokoa aliye nje.

Mkono umekwisha kutoka, saa imebaki chini ya kitanda, pale gari la serikali linaposimama uani.

Mjomba anakunja uso kama mtu aliyepigwa. Anasema amekwisha, basi, amekwisha, wala hakuna anayemcheka. Mtu aliyesuka dekio kwa miezi minne amesimama nyuma ya mlango wake mwenyewe, na kilichomfungia ni kitanda cha watoto anaoweza kunyang'anywa. Bi Spana anasema baadaye kwamba katika miaka yote ya kazi hajawahi kutamani ardhi ipasuke kama dakika ile. Kosa lilikuwa lake, na hasara ingekuwa ya mwingine.

Afisa wa ustawi ni mama wa makamo, mwenye koti jeusi na uso usiotoa habari. Anaelekezwa na dereva, anazunguka hadi dirishani akiwa na watoto watatu nyuma yake, na anachungulia. Nyuso tatu zinamtazama kutoka nyuma ya nondo.

"Nilikuja kukagua chumba cha watoto," anasema. "Hawa mahabusu ni wa nani?"

Bi Spana anaeleza. Anaeleza yote, hajitetei, anasema kipimo ni chake na aibu ni yake. Afisa anasikiliza hadi mwisho. Kisha anainama kidogo, akimtazama Mjomba kupitia nondo, na kumuuliza kama lile sharti la mlango limetimizwa. Mlango unafungika?

Mjomba anasogeza uso kwenye nondo.

"Unafungika, mama," anasema. "Unafungika sana."

Ni Kitinda anayecheka kwanza. Bila shaka hajaelewa lililosemwa. Anacheka pua ya mjomba wake iliyojipenyeza katikati ya nondo. Watoto wengine wawili wanamfuata. Mwandishi alidhani aliona kona ya mdomo wa afisa ikicheza, lakini hawezi kuapa.

Wakili anauliza ni nani aliyewafungia. Anajibiwa kuwa ni kitanda chake. Anauliza kama kitanda kinaweza kushitakiwa. Hapo ndipo Bi Spana anapomtazama mvulana yule, anautazama mkono wake, na kukumbuka upana wa ule ufa.

Spana inapitishwa dirishani. Bi Spana anavuta pumzi ili atoe maelekezo, na kabla hajatamka neno Mjomba amekwisha kuanza. Anamwambia Dada Mkubwa apande juu ya sanduku la vifaa lililobaki sebuleni, bolti ya juu ni yako, taratibu, dereva amshike. Anamwambia Wakili ya kati ni yake. Anamwambia Kitinda asimame kando, aweke kidole mbali na bawaba, zamu yake inakuja na hatasahauliwa. Watoto wanazunguka hadi sebuleni, na afisa anawafuata.

Ndani nako si mchezo. Bolti zikifunguka, mbao za kona ile hazina wa kuzishikilia. Mjomba anaushika ubao wa juu kwa kichwa na mikono. Bi Spana anaweka bega chini ya ule wa kati. Wa chini anapewa mwandishi, pamoja na ule aliokuwa nao tangu mwanzo.

Bolti ya Dada Mkubwa inatoka bila neno. Ya Wakili inachukua muda, kwani aliyeambiwa azungushe kushoto anataka kujua kwanza ni kushoto kwake au kwa Mjomba, na kama ni kwa Mjomba, je, Mjomba ametazama huku au kule. Mwishowe inatoka.

Kitinda anagoma. Ufa wa chini una giza, na yeye na giza hawapatani. Afisa hamsukumi.

Mjomba anamkabidhi mwandishi ubao wa juu, ambao sasa ni wa tatu, na kulala kifudifudi sakafuni mpaka uso wake unafika kwenye ule upenyo.

"Kitinda. Unaniona?"

"Naona pua."

"Pua inatosha. Lete mkono."

Mkono mdogo unaingia ukiwa na spana kubwa. Mtu anasikia chuma kikigusa chuma, kisha kikizunguka, kisha sauti ya mtoto ikihesabu namba anazozijua, zisizofuatana. Kitanda kinalegea kona kama boksi la kadibodi, Bi Spana anakisukuma ndani kwa bega, na mlango unafunguka kiasi cha mtu kupita. Mjomba anatoka kwa kutambaa. Kitinda anamrukia shingoni, na watu wazima wote ghafla wanapata jambo la kutazama mahali pengine.

Kilichobaki ni ufundi tu. Bi Spana anaung'oa mlango na kuugeuza ufunguke kwa nje, na dereva anaubeba peke yake, mgongo wake ukiwa umepona kwa sababu afisa anamtazama. Kitanda kinarudishwa mahali pake. Mlango unafunguliwa, unafungwa, unafunguliwa. Afisa anazunguka chumbani, anagusa magodoro, anaegemea ukuta akitafakari, na kuchukua sehemu ya rangi ya maziwa kwenye koti lake jeusi. Bado hajatoa uamuzi. Hakuna anayethubutu kumwambia habari za koti.

Sasa bolti zinarudi kwa wenyewe. Dada Mkubwa anakaza yake na kuijaribu mara mbili. Wakili anakaza yake na kuuliza dhamana ni ya muda gani. Kitinda amesimama na ngumi imefumbwa, bolti imo ndani, hataki kuitoa. Bi Spana anachuchumaa kumbembeleza. Mtoto anampita, anakwenda moja kwa moja kwa afisa. Kituoni, Dada Mkubwa atasimulia baadaye, Kitinda alihamishwa vitanda mara tatu.

"Nikikaza," Kitinda anauliza, "mtaitoa tena?"

Chumba chote kinamtazama yule mama mwenye koti. Anaitazama ngumi. Anamtazama Mjomba, mwenye vumbi la sakafu usoni na alama ya ubao kwenye paji.

"Kaza, mwanangu," anasema. "Kaza sana."

Mjomba anatoka uani bila kuaga na kusimama amewapa watu mgongo, mabega yakimtikisika. Dekio lililosukwa linakabidhiwa kwa Kitinda, ambaye analikagua na kusema mistari imepinda.

Kwenye pikapu, Bi Spana anasafisha spana kwa soksi ya kijani. Anasema kuanzia kesho atakuwa anapima na milango, na kwamba dereva akisimulia habari hii shirikani, ile saa iliyo chini ya kitanda haitarudi kamwe. Ana mpango wa kuja tena hapa baada ya mwezi, kama anavyofanya kwa kila nyumba, kukagua bolti.

Anaulizwa anatarajia kukuta nini.

"Vitanda vingine narudi navikuta vimekaza vilevile kama nilivyoviacha," anasema. "Hapo huwa sina raha. Nakaa, naomba maji, nauliza watoto wanaendeleaje. Mtoto aliyezoea nyumba anaruka kitandani, anakitikisa mpaka nati zinamwagika."

Anageuka kutazama dirisha lile lenye nondo. Ndani kuna kishindo cha mtu mdogo anayeshuka kutoka juu, na sauti ya Mjomba ikikataza bila mafanikio.

"Hiki," Bi Spana anasema, "natumaini nitakikuta kimelegea kabisa."